Sindano Yako, Kichupa Chetu

Kichupa cha mililita 10 chenye mafuta ya testosteroni, homoni ya kiume inayotumiwa kutunisha misuli, kimewekwa juu ya benchi katika chumba cha kubadilishia nguo cha jimu. Vijana wanne wamekizunguka, kila mmoja na bomba lake jipya ambalo bado limo ndani ya karatasi yake. Ukiwauliza kama wanachangia sindano watakasirika. Wa kwanza anavuta mililita moja, anajichoma kalioni, anatulia kidogo. Kisha anaona haikutosha. Anakitoboa tena kizibo cha mpira kwa sindano ileile iliyotoka mwilini mwake, anavuta nusu nyingine, anajichoma upande wa pili. Anamsukumia mwenzake kichupa: "Twende, kaka."

Nimeyaona hayo kwa macho yangu, na zaidi ya mara moja. Sikusema neno, kwa sababu kwa miaka mingi sikujua kwamba palikuwa na neno la kusema.

Sindano ikitoka kwenye msuli hubaki na damu kidogo ndani ya tundu lake, hata pale ambapo jicho halioni kitu. Ikirudishwa kichupani, damu hiyo huachwa humo. Vijana watatu waliobaki, pamoja na mabomba yao safi, sasa wanavuta mafuta yaliyokwisha kuchanganyika na damu ya mwenzao. Hakuna hata mmoja aliyechangia sindano, ila damu wamechangia wote.

Jambo hili linanikera, kwa maana sisi watu wa vyuma tunajisifu kwa nidhamu. Mtu anapima kuku wake kwa gramu, anahesabu marudio, anakemea chipukizi anayepinda mgongo akiinua chuma kutoka sakafuni. Mtu huyohuyo, akifika kwenye sindano, anafanya alichoonyeshwa na mtu ambaye naye alionyeshwa na mwingine, na hakuna kati yao aliyewahi kukaa na muuguzi. Nasema chanzo chake ni picha tuliyojichorea vichwani. Tumeamini kwamba magonjwa ya sindano ni ya wanaojidunga heroini vichochoroni, watu waliokwisha kukata tamaa na miili yao, na kwamba anayeujenga mwili wake hawezi kuwa mmoja wao. Kwa kuwa hatujioni kuwa ni watu wanaojidunga, hatukujifunza kujidunga.

Virusi haviulizi mtu anajionaje. Mwaka 1984, ikiwa ni miaka mitatu tu tangu madaktari waanze kuueleza UKIMWI, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha taarifa fupi ya mtunisha misuli aliyekuwa akitumia steroidi, yaani dawa za kujenga misuli za jamii ya testosteroni, na akaugua ugonjwa huo. Karibu miaka 30 baadaye, mwaka 2013, watafiti wa England na Wales walitoa matokeo ya vipimo vya wanaume 395 waliokuwa wakijichoma dawa za kujenga mwili. Asilimia 1.5 walikuwa na VVU, kiwango kinachokaribiana na cha wanaojidunga dawa za kulevya katika nchi hizohizo. Karibu asilimia 9 walikuwa na alama ya kuwahi kuambukizwa homa ya ini B, na asilimia 5.5 walikuwa na alama hiyo kwa homa ya ini C. Si maambukizi yote hayo yalipitia kwenye sindano, maana ngono nayo ina sehemu yake. Lakini ile imani kwamba misuli ni ukuta haikusimama mbele ya namba hizo.

Virusi vya homa ya ini si dhaifu, wala havifi mara tu hewa inapovigusa. Kirusi cha homa ya ini B huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi kikiwa na uwezo wa kuambukiza. Cha homa ya ini C, kilipojaribiwa maabara, kilikutwa hai ndani ya mabomba ya sindano hata baada ya siku 63. Kwa hiyo kichupa kilichochafuliwa Jumatatu, kikarudishwa kabatini na kutolewa Ijumaa, hakikujisafisha kwa kukaa.

Kwa nini basi hatukufundishwa? Testosteroni yenyewe si kitu cha uchochoroni. Mwaka 1935 Adolf Butenandt na Leopold Ružička, kila mmoja kwa njia yake, walifanikiwa kuitengeneza maabara, na tangu hapo ni dawa kamili inayoandikwa na madaktari kwa wanaume ambao miili yao haitoi ya kutosha. Ikimezwa ikiwa tupu, ini huiharibu kabla haijasambaa mwilini. Ndiyo sababu wanakemia waliiunganisha na mkia unaoitwa esta, wakaiyeyusha kwenye mafuta, ichomwe msulini na kuachiwa polepole kwa siku au wiki. Mafuta hayo ni mazito, yanahitaji kuingia ndani kabisa ya nyama, na hukaa humo muda mrefu. Hii si sindano ya kubahatisha.

Mgonjwa aliyeandikiwa dawa hiyo na daktari hukalishwa kitini akaonyeshwa. Muuguzi humwonyesha mahali pa kuchoma, humtazama akijichoma mwenyewe mara ya kwanza, humsahihisha, humpa chombo cha kutupia sindano. Vivyo hivyo kwa mwenye kisukari. Kwa muda wa zaidi ya miaka 100 watu wa kawaida kabisa, wakiwemo watoto na vikongwe, wamefundishwa kujichoma insulini nyumbani na wakaweza. Testosteroni ni ileile, msuli ni uleule, sindano ni ileile. Tofauti ni kwamba mmoja ana karatasi ya daktari na mwingine hana, na kwa sababu ya karatasi hiyo mmoja anapata somo la robo saa na mwingine anaachiwa chumba cha kubadilishia nguo.

Marekani ilipopitisha sheria ya mwaka 1990 iliyoziweka steroidi za kujenga mwili kwenye orodha ya dawa zinazodhibitiwa, utumiaji haukukoma. Uliingia gizani zaidi, na maarifa ya kitabibu yakabaki nje. Uingereza ilikwenda njia nyingine kidogo: kuziuza bila kibali ni kosa, lakini kukutwa nazo kwa matumizi yako mwenyewe si kosa. Huko watunisha misuli walianza kujitokeza kwenye vituo vinavyotoa sindano safi, vituo ambavyo vilifunguliwa kwa ajili ya watumiaji wa heroini, mpaka mwaka 2014 mwongozo wa taifa wa huduma hizo ukawataja rasmi kama kundi linalohitaji ushauri wake. Mimi siweki mkono upande wa sheria yoyote kati ya hizo. Ninachokiona ni kwamba mahali ambapo mtu anaweza kuuliza bila kuogopa, anauliza.

Tuingie sasa kwenye kazi yenyewe, maana hapa ndipo wengi wanapokosea na hapa ndipo pa kukaa.

Mikono kwanza. Sabuni na maji yanayotiririka, kwa muda wa sekunde 20 au zaidi, kisha ikaushwe kwa kitu safi. Taulo ulilojifutia jasho si kitu safi. Kizibo cha mpira kinafutwa kwa spiriti kila mara kabla ya kutobolewa, hata kama kichupa ni kipya, kwani kile kikofia cha juu huzuia vumbi tu, hakimaanishi kwamba mpira ulio chini yake umetakaswa. Ngozi nayo hufutwa, halafu inaachwa ikauke yenyewe. Hapo watu wengi wana haraka. Spiriti huua vijidudu inapokauka, na inahitaji nusu dakika hivi. Ukichoma ikiwa bado mbichi, umejipaka tu na umejiongezea mwasho. Usipulize ili ikauke upesi, mdomo wa binadamu una vijidudu vingi kuliko ngozi yake. Na ile ya asilimia 70 ndiyo bora kuliko kali zaidi, kwa kuwa maji yaliyomo humo yanaisaidia ipenye ndani ya vijidudu badala ya kukauka juujuu.

Sindano ni mbili, si moja. Moja nene ya kuvutia, nyingine nyembamba ya kuchomea. Wapo wanaoona ni ubadhirifu. Kizibo cha mpira huibutua ncha ya sindano, na sindano butu huchana msuli badala ya kuupenya. Mafuta hupita kwa shida kwenye sindano nyembamba, ndiyo maana ya kuvutia huwa geji 18 hadi 21, na ya kuchomea geji 23 hivi. Wasiojua wakumbuke kwamba namba ya geji ikipanda, sindano inakuwa nyembamba zaidi. Lakini faida kubwa ya sindano mbili ni ile niliyoanza nayo: iliyogusa mwili haigusi kichupa tena, kwa sababu yoyote ile. Kama dawa haikutosha, shauri la siku nyingine. Ukiona ni lazima, chukua bomba jipya na sindano mpya.

Urefu wa sindano unategemea mwili wako. Kwa mtu wa unene wa kawaida, milimita 25 hufika msuli wa paja, na kalio huhitaji hadi milimita 38 kwa sababu ya mafuta yaliyo juu ya msuli. Wengi huchagua sindano fupi kwa kuogopa maumivu, kisha dawa inaishia kwenye mafuta ya chini ya ngozi, inavimba, inauma wiki nzima, na wao wanadhani ni dawa mbaya. Bomba linashikwa wima kwenye ngozi, nyuzi 90.

Mahali pa kuchoma ni suala linalostahili mabishano yote tunayoyapoteza kwenye mambo ya kipuuzi. Karibu kila mtu hujichoma kalioni, upande wa nyuma, kwa kuwa ndivyo alivyochomwa hospitalini utotoni. Nyuma ya kalio hupita neva ya siatiki, nene kuliko zote mwilini, inayoshuka mpaka kwenye unyayo. Ukiwa umepinda kiuno mbele ya kioo, ukijaribu kuona robo ya juu ya nje ya kalio lako mwenyewe, kosa la sentimita chache linaweza kukuachia ganzi au mguu unaoburuta. Wauguzi wa leo wanapendelea ubavu wa nyonga. Simama, papasa ubavuni utakuta nundu ya mfupa wa paja. Panda juu mbele utakuta ile ncha ya mfupa wa nyonga ambayo mkanda wa suruali hukaa karibu nayo. Kati ya nundu na ncha hiyo, chini ya ukingo wa mfupa, upo msuli mnene usiopitiwa na neva kubwa wala mshipa mkubwa wa damu, na mafuta ya juu yake ni machache. Unauona, unaufikia kwa mkono, hupindi kiuno. Ni mahali bora kabisa, na ajabu ni kwamba kwenye jimu nyingi hakuna anayepajua. Mwombe muuguzi akupapasishe mara moja tu, hutasahau.

Sehemu ya nje ya paja, katikati kati ya nyonga na goti, nayo ni salama, ingawa huuma zaidi siku inayofuata. Bega lipo, lakini ni dogo. Mililita moja inalitosha. Paja na nyonga huvumilia hadi mililita 3 hivi. Zaidi ya hapo, gawanya sehemu mbili. Na badilisha mahali kila mara, kwa sababu msuli unaochomwa palepale kila wiki hujenga makovu magumu ndani, na dawa haipiti sawasawa kwenye kovu.

Kifua, mkono wa mbele na kigimbi cha mguu viachwe. Ipo imani kwamba ukichoma testosteroni kwenye msuli uliobaki nyuma kwa kukua, msuli huo utakua kuliko wengine. Dawa huingia kwenye damu na kuzunguka mwili mzima, haijui ilikoingilia. Kinachoonekana kukua ni uvimbe. Mkononi kuna mishipa na neva zilizobanana, na kifua kina mapafu nyuma yake. Wanaojijaza mafuta ya kutunisha mkono nao wanajidanganya kwa namna mbaya zaidi, kwani mafuta yale hayageuki kuwa nyama. Mwili huyazungushia ukuta wa kovu, na mara nyingine hakuna namna ya kuyatoa isipokuwa kwa kisu cha upasuaji pamoja na nyama yenyewe.

Sukuma polepole, sekunde 10 kwa kila mililita. Kabla ya kusukuma, je, uvute bomba nyuma kidogo kuona kama kuna damu? Kwa chanjo, wataalamu wameacha kushauri hivyo. Kwa mafuta mazito mimi naona sababu ya kuendelea: yakiingia kwenye mshipa wa damu, matone yake huenda moja kwa moja mapafuni. Mtu hushikwa na kikohozi cha ghafla, kifua kinabana, anatoka jasho, anahisi anazimia. Kwa wengi hupita baada ya dakika kadhaa, ila si la kupuuza. Marekani ilipoidhinisha mwaka 2014 testosteroni ya sindano inayokaa muda mrefu mwilini, iliweka sharti kwamba mgonjwa abaki kituoni dakika 30 baada ya kuchomwa, aangaliwe. Wewe unayejichoma peke yako ukiwa umefunga mlango, nani anakuangalia? Usiwe peke yako, na mlango usifungwe kwa ufunguo.

Rafiki yangu mmoja, nitamwita hivyo tu, alipata uvimbe kalioni siku tatu baada ya kujichoma. Maumivu ya siku mbili ni ya kawaida, kwa hiyo hakujali. Siku ya tano palikuwa na joto, ngozi imekuwa nyekundu na kung'aa, na wekundu unasambaa. Alikuja mazoezini siku hiyo, akafanya kifua kwa kuwa hakuweza kukaa kwenye mashine ya miguu. Siku ya saba alianza kutetemeka kwa homa. Mwenzetu akampa vidonge vya antibayotiki vilivyobaki nyumbani, mwingine akashauri atobolewe kwa sindano ili usaha utoke. Tulikuwa watu sita pale, wote tuna miaka ya uzoefu, na hakuna aliyetamka neno hospitali.

Alipofika huko mwishowe, jipu lilikuwa limechimba kina cha kidole kizima. Walilipasua, wakalisafisha, na kwa wiki tatu lilikuwa likijazwa shashi na kubadilishwa kila siku, kwa maana tundu kama hilo lazima lifungwe kutoka chini kuja juu. Daktari wa kwanza aliyemwona alimtukana. Alimwambia amejitakia, na kwamba angekuwa yeye angemwacha aone. Rafiki yangu aliniambia kwamba kisu hakikumuuma kama maneno hayo, na kwamba alikuwa amechelewa siku zile zote kwa sababu aliyatarajia.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli. Lakini tuwe waadilifu, mtu huficha pale anapojua kufichua kutamletea aibu. Daktari anayemdhalilisha mtu mwenye jipu hamzuii kujichoma. Anamfundisha kuja akiwa amechelewa zaidi mara nyingine. Uvimbe ulio na joto unaoongezeka baada ya siku ya tatu, wekundu unaotambaa, homa, au usaha ni safari ya hospitali siku hiyohiyo. Usiukamue, usiutoboe, na usimeze vidonge vilivyobaki kwa mtu mwingine, maana antibayotiki peke yake haiwezi kulimaliza jipu lililokwisha kujaa. Usaha lazima utolewe na mwenye ujuzi. Na mweleze daktari ukweli wa ulichochoma. Vijidudu vingine vinavyotoka kwenye dawa chafu havisikii dawa za kawaida, na asipojua atatibu kitu kingine.

Najua pingamizi litakaloletwa. Ukimfundisha mtu kujichoma vizuri, si umemruhusu? Hoja hiyo ililetwa pia Amsterdam ilipoanza kugawa sindano safi mwaka 1984, na imeletwa kila mahali palipofuata. Miongo minne ya utafiti haijaonyesha kwamba kugawa sindano safi kunaongeza wanaojidunga. Imeonyesha kwamba kunapunguza maambukizi, na Shirika la Afya Duniani linashauri huduma hizo. Kijana aliyekwisha kununua kichupa hangojei ruhusa ya mtu. Atajichoma leo usiku. Swali lililobaki ni kama atajua kufuta kizibo.

Ila nina hofu yangu mwenyewe, na hii ni nzito kuliko lile pingamizi. Anayejifunza kuchoma vizuri anaweza kudhani amekuwa salama. Sindano safi haisafishi kilichomo kichupani. Dawa nyingi zinazozunguka kwenye jimu hutengenezwa na watu wasiokaguliwa na yeyote, na lebo yenye rangi nzuri si ushahidi wa kitu. Unaweza kukuta dawa tofauti, kipimo tofauti, au mafuta ambayo hayakutakaswa. Wala mbinu nzuri hailindi moyo. Watafiti wa Marekani waliowapima wanyanyua vyuma 140 mwaka 2017 waliona kwamba moyo wa waliotumia steroidi kwa miaka ulikuwa ukisukuma asilimia 52 ya damu iliyomo katika chemba yake kuu kwa pigo moja, na wa wasiotumia asilimia 63. Nchini Denmark, watafiti walifuatilia wanaume 545 walionaswa na vipimo kwenye kumbi za mazoezi, wakakuta walikuwa wakifa kwa kiwango cha mara tatu ya wenzao wa rika lao. Hakuna spiriti inayofuta hilo. Damu ipimwe, shinikizo lipimwe, na anayeshauriwa na daktari kuacha aache kwa msaada wa daktari huyohuyo, kwani kukatisha ghafla nako kuna madhara yake.

Na insulini, ambayo baadhi ya watu wa vyuma hujichoma pia ili kujenga mwili, iwekwe mbali kabisa na mazungumzo ya mbinu. Bomba lake limepimwa kwa yuniti, 100 katika kila mililita, na mtu aliyezoea kusoma mililita akichanganya vipimo hivyo anaweza kujipa mara kumi. Sukari hushuka, akili inavurugika, mtu anaonekana kama mlevi, analala na haamki. Asiye na kisukari hana salama humo, hata mikono yake iwe safi namna gani.

Nikirudi kwetu, naomba mambo mawili. Kwanza, makocha wa jimu waache kujifanya hawaoni. Si lazima wakubaliane na dawa hizi, mimi mwenyewe nawashauri vijana waziache, lakini kocha anayeweza kusimamisha zoezi kwa sababu goti limeingia ndani anaweza kusimamisha kichupa kinachopita mikononi. Pili, wauguzi wawe tayari kupapasisha nyonga ya mtu bila kumhukumu, na kumkumbusha chanjo ya homa ya ini B, sindano tatu zinazokamilika kwa miezi sita, ambayo kila anayejichoma anapaswa kuwa nayo na wachache tu wanayo. Homa ya ini C haina chanjo, ila siku hizi inapona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12, kwa zaidi ya asilimia 95 ya wanaotibiwa. Kwa hiyo kupima si kujitafutia hukumu. Ni kwenda kuchukua tiba iliyopo.

Rafiki yangu alipona. Ana kovu lenye shimo ambalo halitajaa. Hakuacha, na sikutegemea ataacha kwa sababu ya kovu. Lakini siku hizi kichupa chake kina ukanda wa plasta ulioandikwa kwa kalamu jina lake na tarehe aliyokifungua, na siku ya 28 anakitupa hata kikiwa na dawa. Juzi kijana mgeni alimwomba ammegee mililita moja. Akamwambia hapana, akamwonyesha ile plasta, kisha akamkalisha kwenye benchi na kumwonyesha kwa vidole ilipo nundu ya mfupa wa paja.